Mkia wa Neno

Neno lilimkwama mkalimani kooni, na mahakama nzima ikageuka kumtazama.

Wala halikuwa neno gumu. Mwendesha mashtaka alikuwa amemuuliza mjane, kwa Kiingereza, ni kitu gani hasa alimwona mfamasia akifanya siku ile alipokwenda kumchukulia mumewe dawa. Mjane, mama mtu mzima mwenye kitambaa cheusi kichwani, akajibu kabla hata mkalimani hajafika mwisho wa kumtafsiria swali. Wazee hawana subira.

"Alichanganya dawa," alisema.

Basi. Maneno mawili tu, na mkalimani akahisi jasho linamtambaa chini ya tai.

Wenzake walimwita Kasuku, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kurudia ya watu. Nyumbani mkewe alimtania kwamba amesema maneno ya kila mtu mpaka ya kwake yamemwishia. Hakujali. Alikuwa ameapa kwamba hataongeza wala hatapunguza, na kiapo kile alikishika kwa meno. Asubuhi hiyo, karani alipomwambia kwamba shahidi wa mwisho ameomba mkalimani, aliingia kazini akipiga mluzi.

Sasa mluzi ulikuwa umemtoka. Mahakama ile iliandika kila kitu kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza jibu la mjane lilikuwa na njia mbili. Akisema "mix", mfamasia alikoroga dawa pamoja kama daktari alivyoagiza, yaani alifanya kazi yake. Akilitia neno hilo mkia, likawa "mix up", mfamasia alichukua dawa ya huyu akampa yule, na mtu akafa. Kwa Kiswahili yote mawili ni kuchanganya. Msikilizaji humalizia mwenyewe. Kimkia kile ndicho kilichobaki kati ya binti wa watu na jela. Akikitia, huenda ameongeza. Akikiacha, huenda amepunguza.

Binti mwenyewe, yule mfamasia, alikuwa kizimbani, akitafuna ukucha. Alikuwa mdogo kiasi kwamba suti aliyovaa ilionekana kama ameazima kwa dada yake. Chupa ya dawa ilishavunjika na kutupwa zamani. Daktari naye alikwisha kusema kwamba moyo wa marehemu ulikuwa mbovu kwa muda mrefu, hivyo hawezi kuapa kuwa kilichomuua ni dawa. Lililobaki lilikuwa la mjane, na la mjane lilikuwa mdomoni mwa Kasuku.

"Tunakusubiri," hakimu alisema.

Mkalimani aliomba ruhusa ya kumuuliza shahidi afafanue. Akapewa, kwa shingo upande. Akamgeukia mjane, akamweleza kwa upole kwamba neno lake lina pande mbili: kuna kuchanganya kwa kukoroga, na kuna kuchanganya kwa kukosea. Mama alikusudia lipi?

Mjane alimtazama kwa utulivu, mikono mapajani.

"Nimesema alichanganya, mwanangu. Peleka hivyo hivyo."

"Haiendi hivyo hivyo, mama."

"Basi ipeleke itakavyokwenda."

Akaukagua uso wake, apate walau kope ya kumwelekeza. Hakupata kitu. Uso ule haukuwa na hasira ya kufiwa, wala huruma, wala hata ule uchovu wa watu waliosubiri sana kwenye mabenchi. Akamgeukia hakimu, akamwambia kwamba neno la shahidi linabeba maana zote mbili. Hakimu akavua miwani, akamjibu kwamba kumbukumbu za mahakama hazibebi zote mbili, kwamba mtaalamu wa lugha mle ndani ni yeye, na kwamba anataka neno moja sasa hivi.

Mkalimani alihamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Akafungua mdomo bila kujua litakalotoka.

Likatoka lisilo na mkia.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Wakili wa utetezi alisimama akauliza tangu lini mfamasia akashtakiwa kwa kuchanganya dawa. Mwendesha mashtaka alipekua karatasi zake, akasema hana la kuongeza. Kabla ya mchana hakimu alimwachia binti huru.

Mkalimani hakuweza kula. Mkewe alipopiga simu, aliiacha iite mpaka ikakata. Alizunguka kwenye korido, akafika mlangoni kwa hakimu, akarudi, akafika tena. Mara zote ubongo ulimwuliza swali lilelile: je, kama mama yule alikuja kutafuta haki ya mumewe, na yeye ndiye aliyemnyima?

Alimkuta mjane nje, kwenye kivuli cha ukuta, akimsubiri mpwa wake alete gari. Akasimama mbele yake kama mtoto aliyevunja sahani. Alimweleza yote: kwamba Kiingereza kilimtaka achague, kwamba alichagua lililo jepesi, na kwamba hana hakika. Kama mama alikusudia lile jingine aseme tu, naye atarudi kwa hakimu sasa hivi, hata kama kazi itaota mbawa.

Mjane alimsikiliza mpaka mwisho. Upande wa pili wa uwanja, mama yake mfamasia alikuwa amemkumbatia binti yake, wanalia wote wawili bila kujali anayewatazama. Mjane aliwaangalia kitambo, kisha akamgeukia mkalimani.

"Umetafsiri vizuri," akamwambia, kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko cha hakimu. "Ningejibu mwenyewe kwa lugha hii, ningelazimika kuchagua."