Fundi Thami Apiga Udi

Miaka arobaini Fundi Thami alifua masinia katika soko la shaba la Fez, na miaka yote hiyo alikuwa na hamu moja: siku akiweka nyundo chini, apige udi.

Ijumaa hiyo, baada ya mlo wa kuskusi, aliupakata mbele ya wageni. Vidole vyake, vyenye sugu ngumu kama kwato, vikazitafuta nyuzi. Hakusikia kitu, kwani nyundo zilikwisha kumla masikio. Lakini kifuani alihisi ubao ukitetemeka, akafumba macho kwa raha.

Alipoyafumbua, mkewe alikuwa akicheka na dada yake.

"Utadhani paka kabanwa mlangoni," mkewe alisema. "Mwache ajifurahishe leo. Kesho njoo uuchukue, nitamwambia umeibwa."

Nyumbani waliongea kwa ishara za mikono. Mkewe hakuwahi kujua kwamba sokoni, katika makelele yale, mafundi wote husomana midomo.

"Mashallah, baba watoto," alisema, akipiga makofi, akamwashiria aendelee.

Fundi Thami akaendelea. Safari hii macho hakuyafumba.