Chachu ya Kiganja

Siku hizi chachu ya saileji, yaani malisho ya kuvundikwa, huoteshwa kutoka kwenye kiganja cha mfugaji mwenyewe. Bwana mifugo hukipangusa kwa pamba, bakteria wakazaliana chupani, kisha hunyunyizwa juu ya mahindi yaliyokatwakatwa shimoni. Shimo hushindiliwa na kufunikwa ili hewa isiingie, na malisho hayaozi. Shida ni moja tu: ng'ombe akishazoea chachu ya mkono mmoja, ya mkono mwingine haigusi.

Ndiyo maana Tupokigwe hakupata usingizi. Mumewe, Ambakisye, alizikwa masika, na malisho yenye chachu yake yalikuwa yamekwisha. Shimo la leo lilikuwa na chachu ya Tupokigwe. Kisura, ng'ombe wao, asipokula, itabidi auzwe.

Alifunua turubai akisaidiwa na bintiye, Subilaga. Harufu ikapanda, kali kidogo kama ya togwa ya jana. Subilaga akasita.

"Mama, mbona kunanukia baba?"

Kisura hakungoja kukaribishwa. Alizamisha mdomo akala, masikio yamelegea.

Tupokigwe akacheka huku machozi yakimtoka. Miaka yote ile walilala wameshikana mikono, kumbe mwenzake alikuwa akimwachia kitu. Akakinusa kiganja chake, taratibu, kama anayenusa kichwa cha mtoto.

Kisha kicheko kikamkauka. Na yeye je, alimwachia nini Ambakisye? Chochote kile, kilikuwa huko makaburini, mkononi mwake, kimeshindiliwa vizuri, hewa haiingii, kinaendelea kuchacha.