Kopo la Visheti

Mtaa mzima ulifunga milango kumsindikiza Mwanahija kwenye ndege. "Ukifika usijifanye hutujui!" walimtania. Mama Zamda alimpakatisha kopo la visheti. "Mpe mwanangu, umwambie apige simu japo mara moja." Zamda alitangulia ng'ambo kwa kazi ileile ya ndani, akipelekwa na Bi Shuena, wakala huyuhuyu aliyekuwa akisafiri na Mwanahija.

Ndege ilipoiacha ardhi, Mwanahija alilikumbatia kopo kwa nguvu.

"Mara ya kwanza ndivyo ilivyo," alisema Bi Shuena kando yake. Akalichukua kopo, akalifungua, akampa kifuniko akishike, akatafuna kisheti.

"Bibi, hivyo ni vya Zamda!"

"Kula, mwanangu. Zamda havihitaji tena."

Mwanahija alibaki na kifuniko mkononi. Dirishani aliyatafuta mabati ya kwao, akaona mawingu tu.