Mtetemo wa Usukani

"Chezesha usukani, Mzee Mhoja," nilimwambia dereva nikiwa chini ya Landkruza ya zahanati. Nilikuwa nimeshafunga kiungo kipya cha usukani. Sasa nilikishika kwa vidole, kama tunavyofanya mafundi wa gereji za Mirongo, nione kama bado kinacheza.

Hakikucheza.

"Inatosha. Ushikilie tu."

Injini ilikuwa imezimwa na tairi za mbele ziko juu ya jeki. Hata hivyo mtetemo aliolalamikia ulikuja, mdogo, wa harakaharaka, ukishuka kutoka juu hadi vidoleni mwangu.

"Ndio huo!" alisema. "Na kesho nina mjamzito wa kuwahisha kivuko cha Kamanga."

"Mzee, hebu achia usukani."

Akaachia. Chuma kikatulia tuli.

"Umeupata ugonjwa, fundi?"

Sikutoka chini ya gari.