Mbu wa Profesa

Wageni walipoingia maabara, Profesa Mwakalinga alimgeukia Dokta Tunu mbele yao wote. "Dada Tunu, hebu tuletee chai."

Tunu akaleta. Alikuwa bado ameshika sinia pale Profesa alipowaonyesha wageni kizimba cha wavu kilichojaa mbu. "Hawa nimewalea mwenyewe miaka sita. Dawa haiwaui tena, na mimi ndiye niliyegundua sababu."

Kila asubuhi kwa miaka hiyo sita, Tunu ndiye aliyeingiza mkono humo ili mbu wanywe damu na kutaga mayai. Hata asubuhi ya kumzika mama yake alipitia hapo kwanza.

Akalibwaga sinia mezani, vikombe vikaruka.

"Profesa, mbu wako leo hawajala. Walishe."

"Dokta Tunu! Mbele ya wageni?"

"Mbele yao hasa." Akakunja mkono wa koti lake jeupe. Kuanzia kiwiko hadi kiganja, ngozi ilikuwa imejaa alama ndogo nyeusi, zimebanana kama ufuta juu ya mkate. "Mimi nimewalisha kwa huu. Wako uko wapi?"

Chai haikuguswa. Mgeni mmoja, mama wa makamo mwenye miwani, alivuta kiti hadi karibu na kizimba. "Karibu, Profesa. Tunakusubiri."

Profesa alishika kifungo cha mkono wa shati lake, asikifungue. Ndani ya kizimba, mbu wote walikuwa wameng'ang'ania upande mmoja wa wavu, upande aliosimama Tunu.