Bolti za Bawa la Kushoto

Bi Masika alijisifu kuwa ndiye mkaguzi hodari kuliko wote katika kiwanda cha ndege za kivita. Hao wote walikuwa wawili, na mwenzake alikuwa likizo.

Sheria ilitaka kila ndege mpya irushwe kwanza na mtu wa nyumbani kwa aliyekagua bolti zake. Asubuhi hiyo zamu ilimwangukia mkwewe, rubani Shaweji, ambaye bado alikuwa akizitafuta buti zake za kurukia. Bi Masika alipaliwa na chai kila alipolikumbuka bawa la kushoto, alilolipigia muhuri bila kulikagua, kwa uvivu wa kupanda ngazi.

“Mama, bolti zote ulizikagua?” binti yake Tunu aliuliza.

“Moja moja, mwanangu, kwa mkono huu.”

Tunu akaifunua khanga mapajani mwa mama yake.

“Basi mbona umezipakata buti za mume wangu?”