Firigisi ya Hidaya

Shomari alipotoa firigisi kwenye sahani yake na kuiweka kwenye sahani ya Hidaya, mtoto wa jirani, damu ilimchemka mkewe, Mwanamkasi.

"Miaka kumi na miwili nakuwekea firigisi," alimwambia. "Hata Tunu, mwanao wa kumzaa, hujawahi kumwonjesha!"

"Tuna hisa za Hidaya, mke wangu. Lazima ale vizuri."

Tangu hisa za watoto zianze kuuzwa sokoni, kila mzazi alikuwa na chujio kwenye simu. Unaandika umri, alama za hesabu na magonjwa ya ukoo, nalo linakuletea watoto wanaofaa kuwekezwa. Asubuhi ile Shomari alikuwa ameuchuja mtaa mzima. Yalitoka majina matatu, la Hidaya likiwa juu, na la Tunu halikuwemo.

"Pumu ndiyo iliyomwangusha," alisema, kana kwamba anazungumzia mbuzi wa mnadani. "Mimi sikumtoa mtu. Niliweka vigezo tu."

"Vigezo! Na hiyo pumu karithi kwa nani, kama si kwa mama yako?"

Mwanamkasi aliinyakua ile firigisi, akaibwaga kwenye sahani ya binti yake. "Kula! Kula, na baba yako akuone!"

Hidaya aliinamisha kichwa. Tunu aliitazama firigisi kwa muda, kisha akaichukua kwa vidole viwili, akamrudishia mwenzake taratibu.

"Mwache ale, Mama," alisema. "Hata mimi nilichuja. Hela zangu zote za Idi nimeziweka kwake."